Kabla ya jedwali la kwanza: namna ya kukusanya mahitaji ya watumiaji wa hifadhidata

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza hifadhidata ya wagonjwa kwa kliniki moja, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza habari zao kwenye majedwali yenye safu na mistari. Katika fomu ya usajili niliweka namba ya simu kuwa sehemu ya lazima: usipoijaza, mfumo unakugomea. Meneja ndiye aliyenihakikishia kwamba kila mgonjwa ana simu. Miezi mitatu baadaye nilifungua jedwali nikakuta mamia ya wagonjwa wenye namba moja, sifuri kumi zilizofuatana. Watu wa mapokezi hawakuwa wazembe. Walikuwa wakipokea watoto wachanga, wazee walioletwa na majirani, na watu waliozimia ambao hata majina yao hayakujulikana. Foleni ilikuwa inasubiri, basi wakaupa mfumo ulichodai. Mimi sikuwa nimezungumza na hata mmoja wao.

Tangu hapo naamini kwamba kazi ya kawaida haina siri. Mtu yeyote ofisini anaweza kukueleza kwa dakika tano. Kinachoangusha hifadhidata, au kanzidata kama wengine wanavyoiita, ni zile siku ambazo kazi haikwenda kama kawaida. Kukusanya mahitaji ni kuzitafuta siku hizo kabla hujachora jedwali hata moja. Nitaendelea na mfano wa kliniki, ila hatua hizi zinafaa pia kwa maktaba, ghala, chuo au ofisi ya mishahara.

Hatua ya 1: Andika lengo kwa sentensi moja

"Mfumo wa kisasa wa kusimamia kliniki" si lengo, ni tangazo. Lengo ni kama hili: "Daktari aone historia ya mgonjwa aliye mbele yake, na mfamasia ajue dawa gani inakaribia kwisha." Chini yake andika yale ambayo mfumo hautayagusa, kwa mfano mishahara au likizo za wafanyakazi. Mpe mwenye kauli ya mwisho asaini. Orodha hiyo ya pili itakuokoa mara nyingi kuliko ya kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta watumiaji wote, hasa wasioitwa kwenye vikao

Anayekukodi mara nyingi si atakayeutumia mfumo kila siku. Chora njia anayopita mgonjwa tangu anapoingia hadi anapotoka, halafu katika kila kituo uliza mambo manne: nani anaandika, nani anasoma, nani anasahihisha makosa, na nani anashika kazi hii mhusika asipokuwepo. Swali la nne huibua watu ambao hawamo kwenye orodha yoyote: mlinzi anayegawa namba za foleni usiku, au muuguzi anayekaa mapokezi saa ya chakula.

Usimsahau anayeandaa ripoti za mwisho wa mwezi. Huyo hushika data zote zikiwa zimeshaharibika, na anajua zilivyoharibika.

Hatua ya 3: Omba fomu zilizojazwa, usiombe tupu

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, fanya hii. Fomu tupu inaonyesha yale ambayo mtu fulani, siku fulani, alidhani yatahitajika. Fomu iliyojazwa inaonyesha kilichotokea. Omba ishirini au thelathini za miezi tofauti, zikiwemo za siku za msongamano. Kwa kuwa zina habari za watu, zisomee palepale, au ziba majina kabla ya kutoa kopi. Usizipige picha kwa simu yako.

Kisha soma kama mpelelezi. Sehemu inayoachwa wazi kila mara, uliza bado ipo kwa ajili ya nani. Maandishi yaliyobanwa pembeni mwa ukurasa ni sehemu inayokosekana kwenye fomu. Kisanduku kimoja chenye namba mbili za simu, moja ikifuatiwa na neno "shangazi", kinakueleza mambo mawili kwa mpigo: mgonjwa anaweza kuwa na namba zaidi ya moja, na namba si lazima iwe yake. Palipokatwa na kuandikwa upya, uliza nani anaruhusiwa kukata, na kama kilichokatwa kinatakiwa kiendelee kusomeka. Miandiko mitatu kwenye karatasi moja maana yake watu watatu wanaigusa rekodi moja, kila mmoja kwa wakati wake. Hapo suala la ruhusa limeshaanza.

Lahajedwali, yaani majedwali ya programu kama Excel, zisome vivyo hivyo. Zitazame zaidi rangi. Mtu amepaka mistari kadhaa njano, mingine nyekundu, na hakuna mahali palipoandikwa maana yake. Muulize. "Njano ni wale tunaosubiri majibu ya maabara." Hiyo ni data kamili, inastahili safu yake kwenye jedwali, na ukiihamisha lahajedwali bila kuuliza, rangi itapotea na maana yake itapotea nayo.

Hatua ya 4: Kaa kimya uangalie

Kaa nusu siku karibu na mapokezi, na uchague siku yenye watu wengi. Usisaidie, usishauri. Andika kila mara mfanyakazi anapoinuka kwenda kuuliza mwenzake, anapofungua daftari lake binafsi, au anaponakili jambo lilelile mahali pawili. Daftari binafsi ndiyo hifadhidata halisi ya ofisi nyingi. Omba kwa adabu uoneshwe.

Hatua ya 5: Hoji watu kuhusu yaliyotokea

Swali "unataka mfumo ufanye nini?" halizai kitu. Utajibiwa "uwe rahisi kutumia", au utaelezwa mfumo ambao mtu aliuona kwingine. Watu hawajazoea kubuni mifumo, ila wanaikumbuka vizuri sana kazi yao. Waulize kuhusu jana na juzi. Mazungumzo huenda hivi:

– Dada, mgonjwa akifika unaanzia wapi?

– Namuuliza jina, natafuta kadi yake.

– Usipoiona?

– Namfungulia nyingine.

– Na ile ya zamani ikionekana baadaye?

– Kwa kawaida tunazibana pamoja kwa pini.

– Na isipokuwa kawaida?

– Basi anakuwa nazo mbili.

Ndani ya majibu hayo mafupi kuna mahitaji manne. Mgonjwa atafutwe kwa njia zaidi ya jina. Mfumo umwonye mfanyakazi anapotaka kusajili mtu anayefanana na aliyepo. Rekodi mbili za mtu mmoja ziweze kuunganishwa bila kupoteza historia ya upande wowote. Na ijulikane nani ana ruhusa ya kuunganisha, kwa sababu kuwaunganisha watu wawili tofauti kwa bahati mbaya ni hatari kuliko kuacha kadi mbili.

Kwenye mahojiano kuna maneno ya kukamata. "Kwa kawaida", "mara nyingi" na "huwa" yanaficha yasiyo ya kawaida. Ukiyasikia, uliza mara ya mwisho ilipokuwa tofauti ilikuwaje. "Kila", "lazima" na "haiwezekani" ni ya kutiliwa shaka. Yapeleke kwenye fomu zilizojazwa uone kama yanasimama. Meneja wangu alisema "kila mgonjwa". Fomu kumi tu zingetosha kumkanusha, laiti ningeziomba.

Halafu kuna maswali ya moja na nyingi. Mwaka 1976 mtaalamu wa kompyuta Peter Chen alichapisha mbinu ya kuchora data kama vitu na uhusiano baina yao, na hadi leo wabunifu wa hifadhidata huchora hivyo. Michoro yenyewe iache kwanza ofisini kwako, ila maswali yaliyo nyuma yake uyaulize kwa lugha ya kila siku, tena kwa pande zote mbili. Hudhurio moja, yaani mara moja mgonjwa anapokuja kliniki, linaweza kuwa na madaktari wangapi? Daktari mmoja anaweza kuwa na mahudhurio mangapi kwa siku? Kipimo kimoja kinaweza kuagizwa na watu wawili? Kuna hudhurio lisilo na daktari kabisa, mgonjwa amekuja kubadilishiwa bandeji tu? Jibu la swali moja kati ya haya linaweza kuongeza jedwali zima, na kuliongeza mfumo ukiwa umeshajaa data ni kazi ya usiku kucha.

Hoji mtu mmoja mmoja, kwa muda usiozidi saa moja. Ukiwaweka bosi na walio chini yake chumba kimoja utasikia sauti ya bosi peke yake. Wawili wakipingana, usiamue wewe. Andika kauli zote mbili, uzipeleke kwa yule aliyesaini lengo.

Hatua ya 6: Tengeneza kamusi ya maneno yao

Waulize watu watatu: mwezi uliopita mlikuwa na wagonjwa wangapi? Mapokezi watahesabu watu, uongozi utahesabu mahudhurio, mhasibu atahesabu ankara. Utapata namba tatu na zote ni sahihi. Usipoligawa neno "mgonjwa" sasa, ripoti zako zitagombaniwa kwa miaka.

Kwa kila neno andika maana yake, mfano halisi, kipimo chake, nani analijaza na lini. Kipimo kiandike hata kama kinaonekana dhahiri. Mwaka 1999 chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mars, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya metriki. Uzito wa mtoto kwa gramu au kilo ni swali la aina hiyohiyo, na dozi ya dawa inategemea jibu lake.

Kisha uliza juu ya utupu. Sehemu ikiwa wazi, inamaanisha nini? Haijulikani? Haimhusu mtu huyu? Au itajazwa baadaye? Mzio wa dawa ni mfano mbaya kuliko yote: "hana mzio" na "hatujamuuliza" ni mambo mawili tofauti kabisa, na kwenye fomu nyingi yote huonekana kama kisanduku kitupu. Tarehe ya kuzaliwa nayo ina yake. Asiyeijua huandikiwa 1 Januari ya mwaka wa kukisia, na baada ya muda utashangaa jinsi watu wengi walivyozaliwa siku hiyo. Bora kuwe na safu ya tarehe na nyingine inayosema kama ni ya uhakika au ya makisio.

Majina usiyakate vipande kwa mazoea. Wapo watu wenye jina moja, wenye manne, na mtoto wa saa mbili ambaye hajapewa lolote. Waulize mapokezi wanawaandikaje pacha wasio na majina. Wana njia yao, na njia hiyo ni hitaji.

Hatua ya 7: Anzia mwisho, kwenye ripoti

Kusanya kila ripoti inayotoka ofisini, pamoja na zile zinazotolewa kwa mdomo. Chukua safu mojamoja, rudi nayo nyuma: namba hii ilitoka wapi, nani aliiandika, saa ngapi? Safu isiyofika kwa mwandishi wake ina pengo njiani. Fanya na kinyume chake pia: kila kinachoandikwa, kinatumiwa kwenye ripoti gani au uamuzi gani? Kisichotumika popote, pendekeza kiondolewe. Utapingwa, maana watu hupenda kukusanya wakisema huenda kitahitajika siku moja. Kila sehemu ya ziada ni sekunde kadhaa za foleni, kila siku.

Hapa ndipo pa kuuliza kuhusu wakati. Mgonjwa akihama, anwani ya zamani ifutwe au ibaki? Bei ya dawa ikibadilika leo, ankara za mwaka jana zionyeshe bei ipi? Jibu linaonekana wazi, lakini ukihifadhi bei kwenye jedwali la dawa peke yake, ankara zote za zamani zitabadilika kimyakimya siku bei itakapobadilika.

Hatua ya 8: Hesabu wingi

Hesabu ya karatasini inatosha. Wagonjwa 120 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni mahudhurio 36,000. Kila hudhurio likizaa mistari minne ya vipimo na dawa, unapata mistari 144,000. Kwa miaka kumi haifiki milioni moja na nusu. Hifadhidata yoyote ya kawaida inaibeba bila jasho, kwa hiyo usikubali kuuziwa mitambo mikubwa. Lahajedwali ndiyo inayozidiwa. Mwaka 2020 huko Uingereza visa 15,841 vya korona viliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536.

Namba yenye uzito zaidi ni ya saa ya kilele: watu wangapi wanaandika kwa wakati mmoja asubuhi ya siku yenye foleni ndefu, na wanavumilia kusubiri sekunde ngapi. Uliza pia umeme au mtandao ukikatika wanafanyaje, na karatasi za kipindi hicho zitaingizwa na nani.

Hatua ya 9: Nani aone nini, na kwa muda gani

Chora jedwali la kawaida: majukumu upande mmoja, aina za data juu, na katika kila kisanduku andika anaona, anaandika, anasahihisha, anafuta. Wengi watasema "wote waone kila kitu, sisi ni familia". Uliza swali lingine: mfanyakazi mwenzenu akilazwa hapa, nani asome majibu yake ya maabara? Kimya kitakachofuata ndicho kitakachojaza jedwali lako.

Angalia sheria ya ulinzi wa data ya mahali mfumo utakapotumika. Ile ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka zikusanywe data zinazohitajika kwa lengo lililotajwa tu, na habari za afya inazilinda kwa ukali zaidi. Kwa nakala rudufu, yaani kopi ya data inayowekwa kando mfumo usije ukaharibika, yanatosha maswali mawili: mko tayari kupoteza kazi ya saa ngapi, na mnaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani? "Hata dakika moja" ni jibu linaloruhusiwa, ila mpe gharama yake palepale.

Hatua ya 10: Andika mahitaji yanayoweza kupimwa

Kila hitaji lipe namba, sentensi moja, jina la kazi ya aliyelitaja, na namna litakavyojaribiwa. "Utafutaji uwe wa haraka" halipimiki. "Mfanyakazi wa mapokezi akiandika herufi tatu za jina au namba ya kadi, orodha itokee ndani ya sekunde mbili, hata kukiwa na wagonjwa 50,000" linapimika, na siku ya makabidhiano hakuna atakayebishana.

Yapange kwa mafungu manne: ya lazima, yanayostahili, yanayopendeza, na ya kuacha kwa awamu hii. Ukikuta karibu yote yako kwenye fungu la kwanza, waulize watumiaji: likikosekana hili, kliniki itafungua milango kesho? Orodha itapungua.

Hatua ya 11: Rudi kwao na karatasi

Michoro yako ya masanduku na mishale usiwaoneshe. Watatikisa kichwa kwa heshima, na utadhani wamekubali. Wasomee sentensi: "Mgonjwa mmoja ana kadi moja tu. Hudhurio moja linaweza kuwa na vipimo vingi. Kipimo hakiwezi kuwepo bila hudhurio." Sentensi ya uongo humkera anayeijua kazi, naye atakukatiza.

Kisha chora majedwali kwenye karatasi kubwa, chukua zile fomu thelathini, na mzijaze pamoja mstari kwa mstari. Anza na zile mbaya: yenye maandishi pembeni, ya pacha wasio na majina, ya mtu aliyezimia. Fomu isiyopata pa kuingia imekugundulia kosa ambalo kulirekebisha leo kunahitaji kifutio tu. Endeleeni hadi zipite kumi mfululizo bila kukwama.

Hapo ndipo saini zinapowekwa, ya mwenye kauli na ya mwakilishi wa kila kituo. Nyuma ya waraka uliosainiwa acha ukurasa mtupu wenye safu tano: tarehe, nani ameomba badiliko, kwa nini, litagusa mahitaji gani, nani ameliidhinisha. Usiushangae ukianza kujaa wiki hiyohiyo. Kwenye waraka wangu wa pili, ombi la kwanza lilitoka mapokezi: mahali pa kuandika namba ya simu ni ya nani.